Mafurungu ya Mama



Mama yetu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulikaa baada ya hitima tukalifungua kasha lake. Ndani yake mlikuwa na vipuli vya dhahabu, kidani, pete tatu, na mafurungu mawili ya fedha aliyoachiwa na bibi yake. Baba alikuwa amekwisha tangulia, na warithi tulikuwa watatu, mimi na dada zangu wawili. Kisheria mali iligawanyika mafungu manne: mawili yangu, na wao fungu moja moja. Hesabu hiyo haikututia taabu. Taabu ilikuwa katika mafurungu.

Dada yangu mdogo alitaka yauzwe kwa sonara pamoja na vyote vilivyosalia, kwa kuwa binti yake alikuwa akidaiwa karo ya chuo. Dada mkubwa alitaka yarudi kashani, yakae pale pale. Mimi nikasema yatolewe kwa makumbusho ili watoto wa mji wayaone. Niliyasema hayo kwa sauti ya mimbarini, nikitaraji wanyamaze. Dada mdogo akanijibu kwa adabu, "Kaka, hiba hutolewa na mwenye mali. Wewe toa fungu lako. Langu usinitolee."

Sikuwa na jawabu, maana lau ningeulizwa na jirani, ningemjibu hivyo hivyo.

Tena nilikuwa na sababu niliyoificha. Nilipokuwa kijana nikitaka kwenda Lamu kusoma, mama aliuza kekee zake ili nipate nauli na matumizi. Nilifuatana naye dukani. Sonara akazipima, akazitia katika kalibu motoni, na kabla hatujamaliza kuhesabu pesa, nakshi iliyofanywa na fundi aliyekwisha kufa zamani ilikuwa imekuwa maji. Mama alitazama kando. Mimi niliifurahia nauli.

Katika siku zile za mvutano niliikumbuka habari ya Kuwait. Sheikh Nasser Sabah al-Ahmad al-Sabah, wa ukoo unaotawala nchi hiyo, alianza katikati ya miaka ya 1970 kukusanya kazi za mikono za ulimwengu wa Kiislamu: vyombo vya kioo na vya shaba, maandishi, mazulia, na vito vya zama za wafalme wa Kimughali wa India. Yeye na mkewe, Sheikha Hussa, hawakuvifungia nyumbani kwao. Mwaka 1983 walivikabidhi kwa taifa vioneshwe katika Makumbusho ya Taifa ya Kuwait, na Sheikha Hussa akawa msimamizi wake.

Miongoni mwa vito hivyo limo jiwe moja jekundu mfano wa yakuti, lenye uzito wa karibu karati 250, lililochorwa majina ya watawala sita. Wamo Ulugh Beg wa Samarkand, Shah Abbas wa Iran, na Jahangir na Shah Jahan wa India. Kila mmoja alilishika kwa zamu yake. Leo jiwe lipo, nao wamekwenda mikono mitupu.

Wala makumbusho si ngome isiyovunjika. Iraq ilipoivamia Kuwait mwezi wa Agosti 1990, vitu vile vilichukuliwa vikapelekwa Baghdad, na jengo likachomwa moto. Baada ya vita, sehemu kubwa ilirudishwa chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, ingawa si vyote.

Lakini lililonifaa zaidi katika habari hiyo ni hili: wale wenyewe hawakuuacha umiliki wao. Waliazima. Mali ilibaki yao, manufaa yakawa ya watu. Mafakihi huiita ariya, nasi watu wa pwani twaijua bila ya kitabu. Ni maharusi wangapi wetu waliotoka wamevaa kidani cha kuazima, na asubuhi kikarudi kwa mwenyewe?

Nikarudi kwa dada zangu na sauti ya chini. Tulimwita sonara, mara hii si kuyeyusha bali kukadiria thamani. Dada mdogo akapewa fungu lake kwa dhahabu, akaiuza, karo ikalipwa. Mafurungu yakaingia katika mafungu yangu na ya dada mkubwa, nasi tukaandikiana na makumbusho: yameazimwa kwa miaka mitano, yapigwe picha, uzito wake uandikwe, nasi tuna haki ya kuyarudisha. Nilipendekeza jina langu liwe kwenye kibandiko. Dada mkubwa akakataa. Liliandikwa la mama peke yake.

Mama zangu na dada zangu, yafungueni makasha yenu mngali hai. Waambieni wana wenu kila pambo limetoka kwa nani, na liandikwe. Anayetaka kutoa hiba na atoe akiwa na afya yake, au ausie kisichozidi thuluthi, asiwaachie warithi ugomvi. Na kumbukeni kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii pambo la halali la kuvaliwa halina zaka, ila lililofichwa kuwa akiba lina hukumu nyingine. Muulizeni mwalimu wenu.

Mwezi uliopita nilimkuta mpwa wangu, yule wa karo, amesimama mbele ya kabati la kioo pamoja na wenzake wa chuo. Akaniuliza, "Mjomba, na uzito wote huu, bibi alikuwa akitembeaje?"

Nikamwambia, "Polepole. Nasi tulikuwa tukimsikia kabla hatujamwona."

Wabillahi tawfiq.