Neno nililodhani nalijua

Mwaka wa kwanza nilisoma hadithi ya Kitanzania ambamo kijana mdogo alikwenda kuishi kwa bibi yake. Nilishangaa mtoto wa shule kuwa na mke. Hapa Kindu bibi ni mke wa mtu. Nilipofika ukurasa wa pili, bibi huyo akawa na mvi na mkongojo, nikajirekebisha mwenyewe. Kosa la namna hiyo halidumu. Sentensi zinazofuata zinalikataa.

Kosa ninalotaka kulisimulia ni la namna nyingine, kwa sababu hakuna sentensi iliyolikataa.

Tulipewa TP juu ya Maisha ya Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Swali lilikuwa fupi: taja dhamira moja kuu, uithibitishe. Nilisoma fotokopi yangu kwa furaha, kwa kuwa mara hii kitabu kilinijia nyumbani. Kasongo ni kwa wazee wangu. Nyangwe iko juu ya mto huuhuu wa Lualaba unaopita mbele yetu.

Nikaandika kwamba dhamira kuu ni uungwana. Nilieleza kuwa waungwana walikuwa watu wa heshima wa Maniema, mababu zetu, na ndiyo maana Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana. Kurasa saba. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba sikufungua kamusi hata mara moja.

Mwalimu alirudisha kazi bila alama. Pembeni alikuwa ameandika: « Ukurasa gani? » Chini yake: « Mwungwana kwa nani? »

Swali la kwanza lilinichukua juma zima. Nilichora mistari katika daftari, nikaandika kila jambo ambalo mwandishi analirudia. Yalijaa upesi: pembe, frasila, njia, vita, mali aliyokopa na mali aliyolipwa. Kuhusu heshima ya mababu zangu nilikuwa na majina ya miji tu. Nilikuwa nimetoka na dhamira nyumbani, nikaenda kuitafutia mahali pa kukaa ndani ya kitabu. Na jina la mji si ushahidi wa dhamira. Linaonyesha tu kwamba msafara ulipita pale.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Kamusi zinatoa maana mbili za mwungwana: mtu huru asiye mtumwa, na mtu mwenye adabu. Maana ya kwanza haisimami peke yake. Inahitaji mtumwa kando yake ili ieleweke. Kisha nikakuta kwamba Stanley, aliyekubaliana na Tippu Tip huku kwetu mwaka 1876 amsindikize kwenye safari yake, aliwaita Wangwana wapagazi wake aliotoka nao Unguja, katika kitabu alichokitoa mwaka 1878. Wanahistoria wanaonyesha kwamba wengi walioitwa hivyo katika misafara walikuwa wamezaliwa utumwani, na wengine walikuwa bado watumwa. Pwani jina hilo lilikuwa la wenye asili. Barani likawa jina ambalo mtu anaweza kulivaa njiani.

Nilikwenda kwa nyanya yangu. Sikumwambia habari ya TP. Nilimuuliza tu: « Mama, mungwana ni nani? »

Akajibu bila kuinua macho kwenye sombe aliyokuwa anatwanga: « Ni mutu mwenye kuvaa nguo ya muzuri, mwenye kuswali. Hapana mutu wa pori. »

« Na sisi, tulikuwa bangwana tangu mwanzo? »

Akaacha kutwanga. Akanieleza habari za nyanya yake mwenyewe, ambazo sikuwahi kuzisikia katika nyumba ile. « Ule mama balimuleta Kasongo na kamba, mutoto mudogo. Kwabo hakurudia tena. Akafundishwa kuswali, akapewa nguo, akapewa jina. Kisha bakamuita mungwana. »

Nilikaa kimya. Neno nililolijazia kurasa saba za fahari lilikuwa limefunika kamba.

Nilirudi kwa mwalimu na kumuuliza kama naweza kuweka maneno ya nyanya yangu kama ushahidi. Alifikiri kidogo. Akasema ni ushahidi wa maana ya neno katika familia moja ya Kasongo, na ni wa thamani. Lakini si ushahidi wa yaliyomo kitabuni. « Kila kimoja kiweke mahali pake. » Nadhani hilo ndilo jambo kubwa nililojifunza mwaka ule. Kitabu kithibitishe dhamira ya kitabu. Kamusi na wazee watuambie neno limepita wapi kabla ya kufika kwetu. Mimi msomaji niseme wazi ni wapi ninapoanza kusema mwenyewe.

TP ya pili ilikuwa na kurasa nne. Dhamira niliyoitaja ni biashara na namna inavyohesabu: pembe zinapimwa kwa frasila, lakini wengi waliozibeba hawana hata jina. Kila dai lilikuwa na ukurasa wake. Mwishoni, chini ya mstari, niliongeza aya moja juu ya neno mungwana na safari yake kutoka pwani hadi Kasongo.

Kabla ya kuitoa nilimsomea nyanya aya ile. Alisikiliza hadi mwisho. « Andika, » akasema. « Lakini jina lake la kwanza, lile la kwabo, usilitafute. Hakuna mutu mwenye kulijua. »