Kenge wa Komodo na Papa wa Madoadoa

Msafiri atokaye bandari ya Labuan Bajo, katika kisiwa cha Flores huko Indonesia, akielekea magharibi kwa chombo, hukuta visiwa vikavu vya majani ya kahawia na mivumo. Angedhani yupo Ukambani wakati wa kiangazi, isipokuwa bahari imemzunguka. Humo hukaa kenge mkubwa kuliko kenge wote duniani. Sisi tumjuao kenge mwizi wa mayai ya kuku twaweza kumcheka jamaa yake, lakini huyu hufikia urefu wa meta 3, huua kulungu na hata nyati, na taya lake lina sumu. Watu wa kijiji cha Komodo, yapata 2,000, wamejenga nyumba zao juu ya nguzo na kuishi naye tangu zamani. Mwaka 2019 serikali ya jimbo ilitaka kuwahamisha kwa ajili yake, kisha shauri hilo likaachwa mwaka ule ule.

Katika bahari za Indonesia hupatikana papa mmoja, wa jamii ya papa walalao chini kama zulia. Hata Pwani yetu yupo. Akiwa mtoto ana milia ya punda milia, akikua hupata madoadoa ya chui, na mkia wake ni karibu nusu ya mwili. Ni mpole, hula konokono na kaa.

Wanyama hawa wawili, wasiofanana kwa lolote, wana jambo moja la ajabu. Mwaka 2006, katika bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, kenge jike asiyepata kukaa na dume alitaga mayai yenye uhai. Mwaka 2016, huko Townsville, Australia, papa jike aliyetengwa na dume kwa miaka kadhaa alipata watoto 3.

Lakini kenge wa namna hiyo huzaa madume tu, na papa huzaa majike tu. Basi kenge jike akitupwa peke yake kisiwani aweza kuzaa dume wa kuendeleza ukoo, ijapokuwa ni mwanawe. Papa hana njia hiyo. Akikosa dume, ukoo wake hubaki wa majike. Na katika visiwa vya Raja Ampat wavuvi walikwisha kuwamaliza karibu wote, hata tangu 2022 mayai yao huletwa kwa ndege kutoka ng'ambo, yaanguliwe huko na watoto watiwe baharini.