Kigango Hakijui Katekista Amekauka

Padre anapokuwa kigango kingine, Ibada ya Neno naiongoza mimi. Masomo nimeyaandaa mapema, nyimbo zinaitikiwa, watu wanarudi nyumbani wameshiba. Wasichokiona ni kwamba ipo misimu mirefu ambapo mimi sisikii kitu. Rozari naimaliza midomo ikienda peke yake. Watoto wa Komunyo ya kwanza nawafundisha kuhusu Ekaristi, nikitoka hapo hata hamu ya kupiga goti sina. Ukavu haujulikani kwa sababu kazi haisimami.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, hodari wa kuanzisha sala, aliacha kuja. Nilipomtembelea akasema, "Katekista, nikisali naona naongea na ukuta." Watu walikuwa wamemshauri afunge, atafute dhambi aliyoificha, aende mkesha akaombewe. Alifanya yote, akazidi kuchoka. Hapo ndipo ninapoona wengi wakiharibikiwa: mtu amekauka, anabebeshwa na hatia juu yake.

Tulifungua Zaburi ya 88. Huyo mwenye zaburi analia tangu mwanzo, na anamalizia gizani, hakuna sifa mwishoni. Kanisa limeiweka katika sala ya usiku ya kila Ijumaa, kwa hiyo mapadre na watawa wanaisali hata wiki walizo na furaha. Mama akaisoma mara mbili. "Kumbe na hii ni sala?" Nikamweleza na habari za Mama Teresa wa Kolkata, ambaye barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba alikaa katika giza karibu nusu karne, huku akihudumia wanaokufa.

Si kila ukavu ni wa roho. Eliya alipoomba kufa, malaika alimwacha alale, akamlisha mkate, akamwacha alale tena. Kuna niliowaambia waende zahanati kwanza, na nitawaambia wengine.

Inyasi wa Loyola aliagiza kwamba wakati wa ukiwa wa moyo mtu asibadili uamuzi aliouweka akiwa na faraja. Nimeishikilia hiyo. Nimeona waliohama dhehebu na walioacha kwaya katika miezi hiyo, na ukavu wakahama nao.

Ukikauka, punguza maneno lakini usiache saa yako ya sala, na umwambie mtu mmoja kabla ya Jumapili. Nawe utakayeambiwa, usimpe dawa. Keti naye, msali Baba Yetu, kesho kutwa urudi.