Wagonjwa wawili, majibu mawili

Babu yetu na jirani yetu walipooza wote upande wa kuume. Munganga alieleza: mshipa ulizibika, damu haikufika katika ubongo upande wa kushoto. Jirani yetu, watoto wake wanalipa mazoezi, wageni nao hawakosi kwake. Hatembei bado, lakini anasema: «Niko muzuri.» Babu anatembea na fimbo, franga za mazoezi zilikosa. Anaangalia jembe lake, anasema: «Mimi nilikwisha.»

Wengine wanasema ni uvivu. Sivyo. Katika watu 3 waliopooza hivi, karibu 1 anapata huzuni nzito, nayo ni ugonjwa wenye kutunzwa. Basi, ndugu wanafunzi, mukienda kusalimia mugonjwa, musitazame miguu tu. Mumuulize roho yake iko namna gani, mukae, musikilize.