Njia ya Kushukia Pwani

Saksild hakuna mnazi hata mmoja. Hakuna dau, hakuna muuza madafu, hakuna kijana wa kukubembeleza upande ngamia, na maji yake mwezi wa Julai, joto likiwa limefika kileleni, huwa nyuzi 18 hivi. Mtu wa Kwale akitia mguu atarudi nyuma akitafuta leso yake. Na bado, waulize wazazi wa Aarhus, Denmark, wenye watoto wadogo wapi pa kwenda Jumapili ya jua, wengi watakutajia hapo. Mimi nimelea wanangu huku, na sasa ni mmoja wa wazazi hao.

Ufuo huo uko upande wa mashariki wa Jutland, kusini ya Aarhus, karibu na mji mdogo wa Odder, ukitazama bahari ya Kattegat. Sifa yake kubwa ni kwamba bahari yake haina makuu. Mchanga unateremka polepole mno, hata mtoto wa miaka minne anaweza kwenda hatua nyingi kuelekea ndani na maji yasimfike kiunoni. Tena maji yenyewe hayaendi popote. Sisi tuliozoea bamvua, ambapo maji ya pwani ya Mombasa na Kwale hupanda na kushuka karibu mita 4, tunashangaa kukuta bahari ambayo tofauti yake haizidi shubiri moja au mbili kati ya kupwa na kujaa. Ukitandika taulo saa nne asubuhi, saa kumi jioni liko palepale na ni kavu. Huko upepo husogeza maji kuliko mwezi.

Na upepo ndio wanaouogopa wenyeji. Ukivuma kutoka nchi kavu, bahari hutulia kabisa mbele ya macho yako, na hapo ndipo hatari ilipo: mtoto aliyekalia boya la plastiki lenye umbo la bata husukumwa nje taratibu, na baba akiinua macho kutoka kwenye simu, bata amekwisha kwenda mbali. Ndiyo maana Wadenishi wana mawaidha matano ya kuogea baharini, na kila mtoto huyasikia: jifunze kuogelea, usiingie majini peke yako, usome upepo na maji, uijue pwani uliyofikia, na usiwaondolee watoto macho. Mjomba wangu aliyeko Mwabungo, kijiji chetu pwani ya Kwale, ambaye hajawahi kuona kipeperushi chochote, angekutajia yote matano kabla ya chai ya asubuhi.

Lakini kuna kitu wanacho ambacho mjomba hana. Kwenye njia nyingi za kushukia pwani, Denmark nzima, pamesimamishwa kibao cha kijani chenye herufi moja na tarakimu tatu. Likitokea la kutokea, unapiga 112, unataja herufi na namba, na waokoaji wanajua ni njia ipi hasa. Sisi tungesema: njoo pale kwenye ule mbuyu, upande wa chini, ukipita kwa mzee fulani. Maelezo hayo yanamtosha aliyezaliwa pale. Dereva wa ambulansi anayekuja mbio kutoka Msambweni atazunguka mikanjuni hadi amri ya Mungu itimie.

Nilipofika Saksild mara za mwanzo, ukimya wa ufuo ule ulinitia wasiwasi, nikadhani wana msiba. Kila familia inafika na kitambaa chake cha kuzuia upepo, inakipigilia kwa vijiti mchangani, inakaa ndani ya kiuwanja hicho na mkate wake mweusi, kahawa yake na mafuta yake ya kujikinga na jua. Baina ya familia na familia wanaacha nafasi ya heshima. Hakuna salamu wala kuulizana habari za nyumbani. Ukimsogelea mtu kwa ukarimu wetu wa kawaida atakutazama akidhani umepotelewa na mtoto. Siku hizi ukimya ule naupenda kuliko nilivyotarajia, hasa nikitoka zamu ya usiku.

Watoto wao wana mchezo mmoja ambao ningependa uvuke bahari. Wanalala kifudifudi juu ya gati la mbao, kila mmoja na uzi wake. Mwisho wa uzi ni kibanio cha nguo, na kwenye kibanio ni kome aliyepondwa. Wanavua kaa wadogo, wanawajaza kwenye ndoo, wanawahesabu, wanagombana nani kamvua mkubwa, halafu wanawamwaga wote baharini na kwenda kula aiskrimu. Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kidogo. "Wanawarudisha?" akauliza. "Sasa walikuwa wanawatafutia nini?"

Swali la mama lilikuwa la haki kabisa, kwani Mwabungo hakuna mtu anayeshuka pwani bila sababu. Ukitoka Ukunda kwa matatu ya Msambweni, ukashuka na kutembea kuelekea mashariki katikati ya minazi na mikanju, unatokea kwenye mchanga mweupe ambao Saksild haiuoni hata ndotoni. Mwamba unavunja mawimbi mbali kule nje, ndani maji yametulia, na kisiwa cha Chale hakiko mbali kwa upande wa kusini. Mgeni aliyechoshwa na msongamano wa Diani atakwambia amepata ufuo mtulivu. Kwa aliyeketi kwenye kiti cha mahoteli, ni kweli.

Ila akae mpaka maji yapwe. Wanawake wanaingia miambani na vyuma vyao kuchokoa pweza, wamefunga leso juu ya magoti. Wanaume wanarudi na malema yao, na ngalawa ikigusa mchanga mama karanga, wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, wameshafika na mabeseni, wanajua kila tafi na kila changu ataangukia karai la nani jioni. Bei inapigiwa kelele na deni la wiki iliyopita linakumbushwa hadharani. Bahari ile ni mahali pa kazi, na kazi ina saa zake zinazosogea kila siku kwa dakika 50 hivi, kufuata mwezi. Kusi likianza, Aprili hivi, hata mwani unaotupwa ufuoni na harufu yake ni sehemu ya mwaka, kama vile kodi ya nyumba ilivyo kwa watu wa Aarhus. Na katikati ya shughuli hiyo watoto wanacheza. Kusema kweli huwezi kutenganisha: anayeshika kamba ya ngalawa yuko kazini au mchezoni?

Watoto hawa hawafundishwi kuogelea. Wanakuja kujikuta wanaogelea, na hakuna anayekumbuka nani alimfundisha. Wageni huliona jambo hilo zuri, nami nilikuwa nikilisimulia kwa majivuno, mpaka nikagundua kwamba nilikuwa nasimulia habari za wavulana. Sisi wasichana tuliingia mpaka kiunoni, dera limejaa maji, tukashikana mikono na kucheka, tukatoka. Mimi nilijifunza kuogelea Aarhus, mama mzima, ndani ya bwawa la maji ya uvuguvugu chini ya paa, nikifundishwa na msichana ambaye ningeweza kumzaa. Kwa hili Wadenishi wametushinda, na sioni sababu ya kulipamba.

Kwa siku ya Idd tumewashinda sisi. Idd pili pwani ya Kwale haina nafasi ya taulo. Kuna viazi karai, muhogo wa kukaanga na ndimu na pilipili, mabuyu mekundu midomoni mwa watoto, na shangazi aliyevaa vizuri kupita kiasi kwa mahali penye mchanga. Mtoto akipotea anashikwa na mtu asiyemjua jina ila anajua ni wa mlango gani. Wadenishi nao wana usiku mmoja wa kukusanyika, tarehe 23 Juni, wanapowasha mioto mikubwa ufuoni na kuimba, na mara nyingi juu ya kuni wanaweka sanamu ya mchawi. Wanaicheka ikiungua. Mimi natoka Kwale, ambako wazee wameuawa kweli kwa kusingiziwa uchawi. Basi mimi huimba nyimbo zao na kuangalia upande wa bahari.

Tofauti inayonikosesha usingizi, hata hivyo, si ya kaa wala ya kuogelea. Ni ya ile njia ya miguu inayotoka barabarani kwenda majini.

Utulivu wa Saksild haukuanguka kutoka mbinguni. Nchi ile iliandika katika sheria ya mwaka 1917 kwamba mwananchi ana haki ya kutembea ufuoni, hata kama nyuma yake pana shamba la mtu. Mwaka 1937 ikakataza kujenga ndani ya mita 100 kutoka pwani, na miaka ya 1990 ukanda huo ukapanuliwa hadi mita 300 sehemu nyingi za mashambani. Leo unaweza kuoga mbele ya ardhi ya tajiri yeyote, mradi usijitandaze ndani ya mita 50 kutoka nyumba yake. Tena walipoingiwa na hofu kwamba Wajerumani wenye pesa watanunua nyumba zote za likizo, walidai ulinzi wao uwekwe kwa maandishi katika Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992, na wakaupata. Wajerumani ni majirani zao wa mpaka mmoja. Sisi tuliwapokea Diani kwa ngoma.

Usiniambie Kenya hatuna sheria. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ibara ya 65 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Na kabla ya katiba yoyote, wazee wetu walikuwa na yao: Kaya Kinondo, hapo jirani, imebaki msitu hadi karibu na mchanga kwa sababu ya miiko, hukati mti, huingii bila kujifunga kaniki, na mwaka 2008 UNESCO iliorodhesha makaya ya Mijikenda kuwa urithi wa dunia. Watu waliolinda msitu wao hivyo si watu wasiojua thamani ya pwani.

Shida ni kwamba mchanga wa umma umetandazwa mbele ya mstari wa viwanja vya watu binafsi, na kiwanja kikijengewa ukuta, haki yako inabaki upande wa pili. Ipo njia niliyopita utotoni kila siku, ndoo kichwani, ambayo sasa inaishia kwenye geti la chuma na askari mpole anayekuuliza unakwenda kwa nani. Wavuvi wanazunguka, na mama karanga anazunguka na beseni la samaki walioanza kulegea. Mgeni wa ndani ya ukuta anasifu utulivu.

Nilipokwenda likizo, mjomba aliniuliza kwa kina kuhusu Saksild. Joto la maji halikumshughulisha. Alitaka kujua njia ya huko ya kushukia pwani ina upana gani, nani aliipima, na mwenye nyumba pembeni akiifunga anashtakiwa wapi. Nilimwambia nijuavyo: kwamba njia imo kwenye ramani ya serikali ya mtaa na ina kibao chenye namba, na kwamba mwenye nyumba mwenyewe akizama, hiyo ndiyo namba atakayotajiwa mwokozi.

"Basi nitumie picha ya kibao hicho, mwanangu," akasema. "Nitakwenda nayo barazani kwa chifu. Wakiuliza ya nini, nitawaambia ni ya ambulansi."

Nimemtumia mbili. Moja inaonyesha namba kwa karibu, na nyingine inaonyesha njia yenyewe, ikipita katikati ya nyumba mbili za watu.