Kilio cha Elinor

Nilianza kuitazama Sense and Sensibility kwa sababu ya kazi ya darasani. Tulitakiwa kulinganisha riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1811 na filamu ya mwaka 1995 iliyoongozwa na Ang Lee. Nilikuwa na daftari na kikombe cha chai. Dakika za mwanzo tu nikaacha kuandika.

Baba yuko kitandani, anakufa. Anamwomba mwanawe wa kiume, John, awaangalie mama yake wa kambo na mabinti watatu, kwa kuwa kisheria mali inakwenda kwake. John anaahidi. Kisha anakaa na mkewe, Fanny, kupanga awape nini. Wanaanzia pauni 3,000. Kila Fanny anapofungua mdomo, pesa zinapungua, hadi ahadi inabaki maneno matupu. Hakuna anayejiona mwizi.

Kikao hicho nakijua. Kwetu kilifanyika sebuleni, siku moja baada ya kuanua matanga. Baba mdogo alianza kwa kusema hatutatupwa. Chai ilipokwisha, shamba lilikuwa "la ukoo" na ada yangu ya chuo ilikuwa "jambo la kuangalia mbele ya safari". Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, eti nina mwandiko mzuri. Nilipomaliza niliingia bafuni, nikafungulia bomba, nikalia mpaka ndoo ikafurika. Nikatoka, nikawauliza wadogo zangu watakula nini.

Ndiyo maana nilimtambua Elinor, aliyeigizwa na Emma Thompson. Yeye ndiye mkubwa. Anapiga hesabu za nyumba, anaondoa sukari na nyama ya ng'ombe kwenye matumizi, huku akiuguza moyo wake kimyakimya. Mdogo wake Marianne, anayelia waziwazi, anadhani dada yake hana hisia.

Katika riwaya, Edward anapokuja na kubainika kuwa hajaoa, Elinor anatoka chumbani karibu mbio, na machozi yanamtoka mlango ukishafungwa. Thompson, aliyeandika pia mswada wa filamu na kupata Oscar kwa kazi hiyo, aliuondoa mlango huo. Elinor anaangua kilio palepale, mbele ya watu, kwa sauti asiyoweza kuizuia. Ni kilio cha furaha, lakini ndani yake mna miezi yote aliyonyamaza.

Darasani nilisema badiliko hilo linamsogeza mtazamaji karibu na mhusika. Nikapata alama nzuri. Sikusema kwamba usiku ule nilimpigia Mama simu, nikamweleza kwa mara ya kwanza habari ya bafuni.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, nilikuwa nimesimama nje ya mlango. Nilidhani hutaki nikuone."

Tulilia wote wawili mpaka salio likaisha.