Mawe Yaliyochoka Moto

Nchini Ireland, kabla barabara kuu mpya haijajengwa, wanaakiolojia hutangulia. Katapila lenye ndoo isiyo na meno hukwangua udongo wa juu taratibu, na mtu hufuatana nalo akiwa ameinamisha macho. Kinachojitokeza mara nyingi si dhahabu wala kaburi la mtawala, ni doa jeusi mahali penye unyevunyevu, limejaa mkaa na mawe yaliyopasuka. Wenyeji huliita fulacht fia. Madoa kama hayo yameorodheshwa kwa maelfu, mengi yakiwa ya Zama za Bronzi, takriban kati ya 2500 na 500 KK.

Nilikulia kwenye jiko la mafiga, kwa hiyo niliposimama mbele ya doa kama hilo nilidhani ningelielewa upesi. Haikuwa hivyo. Hapa mawe hayakubeba chungu. Watu walichimba hori kwenye ardhi ya majimaji, wakati mwingine wakalizungushia mbao za mwaloni, wakachoma mawe kando hadi yakaiva, kisha wakayatumbukiza majini. Jiwe likishtuliwa hivyo mara kwa mara hupasuka, nalo hutupwa pembeni, hata vipande vikajikusanya kuwa kilima kilichopinda kama kwato.

Katika miaka ya 1950, mwanaakiolojia M. J. O'Kelly alilijaribu jambo hilo huko Ballyvourney, Cork. Maji yapatayo lita 450 yalichemka kwa muda wa nusu saa hivi, na paja la kondoo la kilo 4.5, lililofungwa kwa nyasi kavu, likaiva kwa saa 3 na dakika 40. Basi ni majiko, nikajisemea, nikaridhika. Lakini mifupa haionekani sana kwenye madoa haya. Wengine husema udongo wenye tindikali umeila. Wengine husema pengine watu walikuwa wakioga, au wakitia nguo rangi, au wakipika pombe, na huenda shimo moja lilifanya kazi zote hizo kwa zamu.

Mimi bado naegemea upande wa nyama, na ndilo linalonisumbua. Sina ushahidi zaidi kuliko wao. Nina hamu tu. Nataka watu wale wawe wamekaa wakala pamoja, maana mlo ndio mlango rahisi wa kuingilia kwa mtu aliyekufa zamani. Wangekuwa wanaoga, ningewajali kidogo? Na hata kama walikula, walichoniachia si karamu. Ni taka za kazi: kuni zilizobebwa, mawe yaliyookotwa na kutupwa, maji yaliyosubiriwa. Nimeanza, polepole mno, kuona kwamba aliyechochea moto ule namfahamu vizuri zaidi kuliko aliyekula, kama kweli yupo aliyekula.

Kuchimbua nako ni kuharibu. Tabaka likishaondolewa halirudishwi. Hubaki michoro, picha na mifuko ya mkaa uliopelekwa kupimwa umri, halafu lami hupita. Nilipenda kuilaumu barabara, lakini ndiyo iliyolipia macho yangu kuona. Ingepinda kidogo tu kando, doa lile lingebaki zima chini ya malisho ya ng'ombe, na nisingekuwa na swali lolote juu yake. Kati ya hayo mawili, kila nikichagua moja, kesho yake hulirudia jingine.